Kabla Hujajiandikisha Kuwa Mlezi wa Watoto Walio Peke Yao

Kila wanapofika wakimbizi wapya, hujitokeza watu kambini wanaotaka kuwasaidia watoto waliofika bila baba wala mama. Pengine na wewe ni mmoja wao. Umewaona wamekaa kwenye banda la mapokezi, mkubwa amembeba mdogo mgongoni, na moyo wako umekuambia: nitajitolea, nitakwenda kuwaogesha, nitawapikia uji, nitacheza nao. Ni wazo jema na hatuna nia ya kukukatisha tamaa. Lakini kazi hii ina mtego wake, na watu wengi wenye nia njema wamenaswa humo bila kujua. Katika makala haya tutakueleza mtego huo ni upi. Tutatumia habari za walezi waliokuwa wakimbizi kama wewe, waliolea watoto wa watu wengine katika nchi isiyo yao, zaidi ya miaka themanini iliyopita.

Nyumba ya watoto ya wakimbizi, London

Anna Freud alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule, baadaye akawa mtaalamu wa maisha ya ndani ya watoto, yaani hofu zao, hasira zao na mapenzi yao. Alikuwa Myahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, yeye na wazazi wake walikimbia, na mwezi wa Juni mwaka huo wakafika London. Baba yake, daktari Sigmund Freud, alikuwa mzee na mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata. Shangazi zake wanne walibaki Vienna. Wote wanne walikufa mikononi mwa Wanazi.

Vita vilianza 1939. Kuanzia Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga London mabomu usiku baada ya usiku. Watu walilala katika vituo vya treni vilivyo chini ya ardhi, wamebanana na mablanketi yao. Baba yuko jeshini, mama yuko kiwandani, nyumba imebomoka: mtoto aende wapi? Mwanzoni mwa 1941 Anna Freud na rafiki yake Mmarekani, Dorothy Burlingham, walifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa Hampstead, kwa fedha zilizochangwa Marekani. Baadaye ikaongezwa nyumba ya watoto wachanga, na nyingine huko shamba, mbali na mabomu. Kwa wakati mmoja walilea watoto zaidi ya themanini.

Nani walikuwa wakiosha nepi na kulisha uji? Wengi walikuwa wasichana na wanawake wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria. Siku zile wanawake wengi wakimbizi waliruhusiwa kuingia Uingereza kwa sharti la kufanya kazi za ndani. Kiingereza chao kilikuwa cha kubabaisha. Mchana walifanya kazi na watoto, na baadaye walifundishwa darasani. Kila mfanyakazi aliandika kwenye karatasi ndogo alichokiona kwa watoto siku ile. Hata kijana wa kazi za mikono, Mskoti James Robertson, aliandika. Tutamrudia huyu.

Walichokiona

Watoto wale walikula vizuri, uzito wao ulikuwa mzuri, na kutembea walijifunza kwa wakati wake. Ungepita siku moja kama mgeni ungesema, hapa hakuna shida.

Lakini walezi waliona jambo jingine. Mtoto wa miaka miwili aliyelelewa pale alichelewa kusema kuliko mtoto aliyekuwa kwao, na alichelewa pia kujifunza kwenda chooni. Kisha mtoto huyo huyo akienda nyumbani kwa mama yake kwa wiki moja au mbili, alirudi na maneno mapya mengi. Haikuwa kwamba mama yule alikuwa mwalimu hodari kuliko walezi. Alikuwa mtu mmoja, mwenye sauti moja, anayejua kwamba mtoto akisema “ba” anataka maji. Kituoni “ba” ile iliwafikia watu sita tofauti kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyeielewa.

Basi wakabadilisha utaratibu. Badala ya kila mlezi kuwahudumia watoto wote kwa zamu, waligawa watoto wanne au watano kwa kila mlezi, kama familia ndogo. Yeye ndiye anayewaogesha, anayewavisha, anayewalaza. Walidhani itachukua muda mrefu watoto kuzoea. Haikuchukua hata wiki moja. Watoto waliwashika walezi wao kama mtu aliyetoka majini anavyoshika kamba.

Na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Watoto waliokuwa wapole wakaanza kulia mlezi akitoka mlangoni. Wakapigana kwa ajili yake. Wakamsukuma mtoto wa “familia” nyingine aliyemkaribia. Mtu asiyejua angesema mpango umeharibu watoto. Walezi walielewa kwamba mtoto analia kwa sababu sasa ana kitu cha kupoteza. Kadiri siku zilivyokwenda, kelele zilipungua, na maneno yakaongezeka.

Ndugu msomaji, zingatia hapa. Tunapokagua vituo vya watoto, mara nyingi tunaonyeshwa mtoto mkimya, anayemkimbilia kila mgeni na kumkumbatia, na tunaambiwa “huyu hana shida, anapenda watu wote.” Mtoto mdogo anayempenda kila mtu kwa usawa ni wa kuhangaikia. Mtoto mwenye afya humchagua mtu wake na kumwogopa mgeni.

Mlezi anapoondoka

Kulikuwa na mvulana mmoja pale Hampstead, wa miaka miwili na ushei. Alikuwa ametenganishwa na mama yake angali mdogo sana. Akamshika mlezi mmoja, mlezi yule akaondoka. Akamshika wa pili, naye akaondoka kwenda kuolewa. Hakuna aliyefanya kosa, kuolewa si dhambi. Lakini siku dada yule aliporudi kumtembelea, mtoto aligeuza uso. Alikataa kumtazama kabisa. Alipotoka chumbani, mtoto aliukodolea macho mlango aliotokea.

Mtego tuliousema mwanzoni ni huo. Ukija kituoni kwa moyo wa upendo, ukampakata mtoto kila siku kwa wiki tatu, ukamfundisha jina lako, kisha ukaacha kwa sababu umepata kazi ya kulipwa au umechoka, hukumpa mtoto wiki tatu za upendo tu. Umempa pia msiba mwingine, naye alikuwa na msiba tayari. Akija mwingine baada yako, na mwingine tena, mtoto hujifunza kutomshika mtu yeyote.

Jambo hili linawahusu pia wageni. Katika nchi nyingi maskini, vijana kutoka nchi tajiri huja kujitolea katika nyumba za watoto kwa wiki mbili au mwezi, wapige picha, waimbe na watoto, halafu warudi kwao. Wengi wao wana nia njema kweli. Wataalamu wa ulinzi wa mtoto wamelipinga jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliingiza katika azimio lake la haki za mtoto onyo kuhusu madhara ya kujitolea katika vituo vya yatima. Basi ukiona kituo kinachopokea wageni wapya kila mwezi na kuwaruhusu kubeba watoto, usikionee fahari.

Watoto sita kutoka kambi ya Wanazi

Sasa tuje kwa dada wawili, Sophie na Gertrud Dann. Walikuwa Wayahudi wa mji wa Augsburg, Ujerumani, nao walikimbilia Uingereza. Sophie alikuwa muuguzi wa watoto wachanga, Gertrud mwalimu wa chekechea. Walifanya kazi Hampstead wakati wa vita. Vita vilipokwisha mwaka 1945 walipewa kazi ambayo hata leo ukiisoma unakaa kimya kidogo.

Watoto sita, wenye umri wa miaka mitatu hadi minne hivi, walikuwa wameletwa kwa ndege kutoka kambi ya Theresienstadt, huko ambako leo ni Jamhuri ya Cheki. Wazazi wao wote walikuwa wameuawa. Kila mmoja alimpoteza mama kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Walilelewa katika wodi ya watoto wasio na mama ndani ya kambi, na wafungwa waliokuwa wenyewe na njaa, na ambao wengi wao walisafirishwa kwenda kuuawa. Kambi hiyo ndiyo alikofia Adolfine, mmoja wa wale shangazi wanne wa Anna Freud.

Oktoba 1945 watoto hao sita walipelekwa katika nyumba ya shambani iitwayo Bulldogs Bank, kusini mwa Uingereza, wakakaa hapo mwaka mmoja na dada wa Dann na wasaidizi wachache. Siku za kwanza walivunja karibu vitu vyote vya kuchezea. Walichakaza meza na viti. Waliwapiga walezi, wakawauma, wakawatemea mate na kuwatukana kwa Kijerumani. Mtu mzima kwao alikuwa kitu cha kupita.

Lakini wao kwa wao walikuwa kitu kimoja. Hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika. Mmoja akibaki kitandani kwa ugonjwa, wengine walimwulizia bila kuchoka. Mezani, kila mtoto alihakikisha mwenzake amepata chakula kabla hajajali sahani yake. Njiani walimngojea aliyebaki nyuma. Siku moja mmoja alilia kwa sababu keki imekwisha, wenzake wawili wakampa mabaki yao, kisha wakampapasa alipokuwa akila, wakifurahia walichompa.

Wale akina dada walifanya nini? Hawakuwatenganisha. Hawakuwachapa, wala hawakudai wapendwe. Waliendelea kuwepo, asubuhi ile ile, beseni lile lile, uso ule ule. Baada ya wiki kadhaa watoto walianza kuwahesabu na wao. Wakianza kugawana kitu, walidai na mlezi apate fungu lake. Taratibu kila mmoja akawa na mtu mzima aliyempenda zaidi. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wakizungumza Kiingereza.

Hatusemi kwamba maisha yao baadaye yalikuwa mepesi. Tunachokuomba ukumbuke unapowaona ndugu watatu waliofika kambini wenyewe, mkubwa akiwa na miaka tisa, ni kwamba kile kikundi chao ndicho nyumba pekee waliyobakiwa nayo. Usimchukue mdogo “kwa sababu ni mzuri” ukawaacha wale wawili. Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka 2004 na UNHCR, UNICEF, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine kuhusu watoto waliotenganishwa na familia zao unataka ndugu wakae pamoja.

Je, chakula hakitoshi?

Baadhi yenu mtasema: mtoto akipata mgao wake, chanjo na chandarua, mengine ni anasa. Sisi wa afya tungependa iwe hivyo, maana kupima mgao ni rahisi. Sivyo ilivyo.

Nchini Romania, utawala wa Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 na kuwabana wanawake wazae watoto wengi. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona vituo vya serikali vyenye zaidi ya watoto 100,000, vitanda vya chuma vimepangwa safu kwa safu, mlezi mmoja kwa watoto wengi mno. Misaada na vijana wa kujitolea kutoka nchi za nje vilimiminika huko. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani walianza kufuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wenye umri kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, 68 walipelekwa kwa familia walezi, 68 wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa kituo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Watoto walioingia katika familia waliwazidi waliobaki katika vipimo vya akili, na waliofaidika zaidi ni wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Utauliza, na wale waliobaki walitendewa haki? Swali hilo liliulizwa sana. Wakati ule familia walezi karibu hazikuwepo Bucharest, na watafiti waliahidi kwamba hakuna atakayezuiwa kuondoka nafasi ikipatikana. Wengi waliondoka miaka iliyofuata. Sheria ya Romania ya mwaka 2004 ilikataza kuwaweka katika vituo watoto walio chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Hata katika wodi ya lishe jambo hili limo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 wa kutibu utapiamlo mkali una hatua kumi. Ya tisa inataka mtoto apewe upendo, mazungumzo, na michezo ya kupangwa ya dakika 15 hadi 30 kila siku. Imewekwa katika orodha moja na maziwa ya tiba na dawa za maambukizi. Kwa hiyo ukimwona muuguzi wetu anapiga makofi mbele ya mtoto mwenye drip, usidhani anapoteza muda.

Na yule James Robertson? Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku nane bila mama yake, maana wakati ule hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi saa chache tu za kuwaona watoto. Mwaka 1959 kamati ya serikali ikapendekeza wazazi waingie wakati wowote. Mama zetu wanaolala chini ya vitanda vya watoto wao wodini hawakuhitaji filamu kulijua hilo. Tunalalamikia msongamano wa mikeka na sufuria, ni kweli, lakini kuwafukuza hatutawafukuza.

Kwanza tafuta ndugu, pili familia

Wale mliokuwa Goma Julai 1994 mnakumbuka. Karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, kipindupindu kikaingia, na maelfu ya watoto wakabaki peke yao. Vituo vya watoto vilifunguliwa haraka, navyo viliokoa maisha. Lakini vilileta na shida. Watoto wengine waliokotwa kando ya barabara wakidhaniwa ni yatima, kumbe mama alikwenda kutafuta maji. Wazazi wengine, kwa kuona kwamba kituoni kuna chakula cha hakika, walimwacha mtoto hapo kwa makusudi. Tangu hapo mashirika yamekuwa yakisisitiza utaratibu huu: kwanza kutafuta ndugu wa mtoto, pili kumweka kwa familia ya watu wa kwao inayofuatiliwa, na kituo kiwe cha muda tu na kidogo.

Kwa sababu hiyo, mtu akija katika bloku yenu akisema ana nyumba nzuri ya watoto mjini au nchi nyingine, yenye shule na umeme, na anatafuta watoto wa kuwachukua, usimpe mtoto, hata kama wewe ni mzazi wake na umechoka. Duniani, watoto wengi wanaoishi katika nyumba za yatima wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Mtoto akishavuka mpaka bila karatasi, kumrudisha ni kazi ngumu mno. Toa taarifa kwa kiongozi wa bloku na kwa ofisi ya ulinzi wa mtoto siku ile ile.

Basi, unataka kujitolea?

Jiulize kwanza utakaa muda gani. Kama jina lako liko kwenye orodha ya kurejea nyumbani au ya kuhamia nchi ya tatu, au unangojea majibu ya kazi, sema wazi. Hutakataliwa. Kuna kazi nyingi zisizomfunga mtoto kwako: kuchota maji, kupika, kufua, kukarabati banda, kuwafundisha wakubwa kushona au mpira. Ukimwachia mlezi wa kudumu nafasi ya kukaa na watoto wakati wewe unamenya ndizi, umewasaidia watoto hao sana.

Kama unaweza kukaa, omba upewe watoto wachache na wawe wale wale. Usikubali kuzungushwa kila siku katika banda jingine, hata kama msimamizi anaona ni rahisi kwa ratiba yake. Mwogeshe wewe, mlishe wewe, mlaze wewe. Mwite kwa jina lake alilokuja nalo, usimpachike jipya. Sema naye kwa lugha ya kwao: kama ni Kibembe au Kirundi, iwe hiyo, Kiswahili atakipata tu uwanjani. Akiongea habari za nyumbani, andika au mwombe mwenzako aandike: jina la utani la baba, mto waliokuwa wakioga, jina la mwalimu, kanisa au msikiti ulio jirani, alivyokuwa akiitwa na bibi yake. Mtoto wa miaka mitatu husahau hayo upesi, na mara nyingi ndiyo yanayowawezesha watu wa Msalaba Mwekundu kumpata shangazi yake.

Mlete kliniki ukiona anaharisha, ana homa, hataki kula, au utepe wa kupima mkono umeingia rangi ya njano au nyekundu. Mlete pia ukiona mambo ambayo watu hawayaiti ugonjwa: ameacha kusema aliyokuwa akisema, anajitikisa peke yake kwa muda mrefu, halii hata akianguka. Kukojoa kitandani na kupiga kelele usiku ni kawaida kwa mtoto aliyepita vitani. Fimbo haitibu hayo, na katika kazi hii fimbo hairuhusiwi kabisa. Wala hairuhusiwi kumchukua mtoto kulala kwako bila kibali, kumtuma kazi ya kukupatia fedha, au kukaa naye peke yenu mahali pa kujificha. Usichukie ukikaguliwa. Sisi wote tunakaguliwa.

Usimwahidi kwamba mama yake atarudi. Mwambie, “Tunamtafuta, na mimi niko hapa leo na kesho asubuhi,” kama kweli utakuwepo kesho asubuhi.

Na ikibidi uondoke, usitoroke usiku ili kuepuka kilio. Mwambie siku chache kabla, mbele ya yule atakayemchukua. Fanyeni kazi pamoja wewe na huyo mlezi mpya kwa muda, ili mtoto apitishwe mkononi hadi mkononi. Atalia. Mwache alie. Ukipata nafasi, rudi umsalimie, na akikugeuzia uso kama yule mvulana wa Hampstead, kaa tu hapo kwa muda.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe mwenyewe. Huenda nawe umezika mtoto njiani, au hujui mumeo yuko wapi. Kulea mtoto wa mwingine hufungua vidonda hivyo, na kuna siku utashindwa kumtazama mtoto kwa sababu ana umri ule ule wa wako. Hilo halikufanyi mlezi mbaya. Mwambie msimamizi, upumzike siku hiyo, na mwenzako unayeshirikiana naye awe mtu ambaye watoto wanamjua tayari.

Kujiandikisha, mwone mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa eneo lako, au mhudumu wa afya anayepita katika bloku yako atakuelekeza. Utaulizwa maswali mengi na utatembelewa nyumbani. Ukija, njoo na mume au mke wako, au mtu unayeishi naye nyumba moja, maana kama ni kulea mtoto nyumbani, swali la kwanza tutamwuliza yeye.